UZI: Maswali tunayomuuliza mwaniaji wa ubunge yalitoka wapi?

1. Sheria ya hapa ni ileile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Leo tuko kwa swali ambalo halikosi kila mjadala ukianza: mpigakura asiye na chama atawalinganishaje wawaniaji wa kiti cha ubunge? Mimi nasoma sayansi ya siasa, nimejiandikisha hapa Mwiki, na tarehe 10 Agosti 2027 nitapiga kura kwa mara ya kwanza. Kwa hivyo swali hili linanihusu kama linavyokuhusu wewe.

2. Kwanza tuelewane: Mwiki gani? Kuna wadi mbili zenye jina hilo. Moja iko eneobunge la Kasarani, Kaunti ya Nairobi. Yetu iko eneobunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Watu wawili wanaweza kukaa kiti kimoja kwa matatu, wakalalamikia matope yaleyale, na bado wawe na mbunge tofauti, gavana tofauti na diwani tofauti. Wakati wa kampeni utaona watu wakigombana juu ya mwaniaji ambaye hata hayuko kwenye karatasi yao ya kura. Kulinganisha kunaanzia hapo: wawaniaji wangu ni nani?

3. Ruiru yenyewe kama eneobunge ni changa. IEBC ilipochora upya mipaka mwaka 2012, maeneobunge yaliongezeka kutoka 210 hadi 290, na Ruiru ikakatwa kutoka Juja. Uchaguzi wake wa kwanza ulikuwa 4 Machi 2013. Lakini yale maswali tunayouliza pale steji ("Alituletea nini?" "Ako chama gani?" "Ni mtu wetu?") ni ya zamani kuliko Ruiru. Kila moja lina historia yake. Tuipitie.

4. Tuanze 1957. Machi mwaka huo Waafrika wa Kenya walichagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Si kila mtu alipiga kura. Ulihitaji sifa kama elimu, mapato, mali au utumishi, na mwenye sifa nyingi angeweza kuwa na hadi kura tatu peke yake. Huku Mkoa wa Kati, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alihitaji pia cheti cha kuonyesha kwamba alikuwa mwaminifu kwa serikali wakati wa Hali ya Hatari. Yaani serikali ndiyo ilimkagua mpigakura kabla mpigakura hajamkagua mwaniaji. Kumbuka hilo siku utakayoambiwa kura moja haina maana.

5. Mwaka 1963 kila mtu mzima alipata kura yake. Furaha ya kuchagua ilidumu muda mfupi. Mwaka 1968 Katiba ilibadilishwa, na mtu asiyedhaminiwa na chama akakatazwa kuwania ubunge. Mlango huo ulifungwa miaka 42, hadi Katiba ya 2010. Mwaka uliofuata, 1969, chama cha upinzani kikapigwa marufuku. Kikabaki chama kimoja.

6. Sasa fikiria uko 1969, 1974 au 1979. Chama ni kimoja, sera ni moja, na rais hajadiliwi. Utawalinganisha wawaniaji kwa nini? Kwa kile kilichobaki: nani alichanga harambee ya shule, nani alileta zahanati, nani anajua mlango wa kubisha Nairobi. Marehemu Joel Barkan, mwanazuoni Mmarekani aliyeichunguza siasa ya Kenya kwa miaka mingi, alionyesha kwamba wapigakura wa enzi hiyo walimhukumu mbunge kwa anachokivuta kutoka serikalini kukileta nyumbani. Na walimhukumu vikali, kwa sababu kila uchaguzi wabunge wengi walianguka.

7. Kwa hivyo "Alituletea nini?" halikuwa swali la watu wajinga. Lilikuwa swali la watu walionyang'anywa maswali mengine yote. Mtu akikuambia wapigakura wa Kenya wanapenda tu mikono ya birika na pesa ndogondogo, muulize kama anajua hii sehemu ya historia.

8. Halafu 1988 hata hilo moja lililobaki likaguswa. Ndio mwaka wa mlolongo. Katika kura za mchujo watu walipanga foleni nyuma ya mwaniaji wao au picha yake, mchana kweupe, chifu akiangalia. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alitangazwa mshindi moja kwa moja, bila kura ya siri. Katika sehemu nyingi foleni fupi ilitangazwa ndefu. Ukiona mzee wako hataki kabisa kusema atampigia nani, usimuone mgumu. Kuna watu waliosimama kwenye foleni hiyo na wakajulikana.

9. Desemba 1991, kwenye uwanja wa Kasarani hapa karibu, wajumbe wa chama tawala walikubali kifungu cha 2A kifutwe ili vyama vingi virudi. Tangu 1992 swali kubwa likawa "Ako chama gani?" Hilo nalo lilikuwa na maana, kwa sababu watu walitaka kubadilisha serikali nzima na mbunge alikuwa kipande kimoja cha kazi hiyo. Ila lilileta tabia ambayo bado tuko nayo: kupiga kura "suti nzima", chama kimoja kutoka juu hadi chini, bila kusoma jina la anayevaa hiyo suti. Katika ngome ya chama, uchaguzi wa kweli unaishia kwenye mchujo, na asiye na chama anafika mezani sahani zimeshaoshwa.

10. Mwaka 2003 ikaja CDF. Sheria ilitenga angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali kwa maeneobunge: asilimia 75 ya pesa hizo igawanywe sawa kwa kila eneobunge, na 25 ifuate kiwango cha umaskini. Hapa swali la 1974 likapata bajeti. Mbunge hakuhitaji tena kubisha milango. Pesa ilimfuata nyumbani. Madarasa yakajengwa, basari zikatolewa, na kila ukuta ukapakwa jina la aliyeketi kwenye kiti.

11. Ndipo ikaja Katiba ya 2010 na kubadilisha mambo matatu kwa mpigo. Kwanza, Kifungu cha 85 kilirudisha mwaniaji huru. Anatakiwa asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na kwa ubunge aungwe mkono na wapigakura 1,000 wa eneobunge lake. Pili, karatasi za kura zikawa sita. Tatu, na hapa ndipo penye utamu, kazi iligawanywa.

12. Kifungu cha 95 kinasema Bunge la Kitaifa linawakilisha wananchi, linatunga sheria, linapitisha matumizi ya pesa za serikali ya kitaifa na kuzisimamia. Jedwali la Nne nalo likapeleka kwa kaunti maji, uzoaji taka, masoko, zahanati, chekechea, taa za barabarani na barabara za kaunti. Chukua kilio cha kawaida cha Mwiki, yaani mitaro imeziba, maji ya mfereji hayafiki, takataka zimekaa wiki. Karibu zote hizo ni za gavana na diwani. Mwaniaji wa ubunge anayesimama juu ya gari na kuahidi mitaro anaahidi kazi ya mtu mwingine.

13. Barabara ni ngumu kidogo, tuwe wakweli. Barabara Kuu ya Thika iko chini ya KeNHA. Kuna barabara za mijini zilizo chini ya KURA na nyingine za KeRRA, na hizo zote ni mashirika ya serikali ya kitaifa. Zilizobaki ni za kaunti. Wabunge na magavana wamefikishana hadi mahakamani juu ya nani anashika pesa za ushuru wa mafuta za kutengeneza barabara. Kwa hivyo ukimuuliza mwaniaji kuhusu barabara fulani, swali la kwanza liwe: "Hii ni ya nani?" Asiyejua jibu hawezi kuitengeneza.

14. Jirani yangu mmoja, mama anayeuza mboga, nilimweleza haya yote. Akanisikiliza vizuri, akasema: "Mwanangu, hayo ya Bunge hayalipi karo." Mtoto wake yuko kidato cha tatu kwa sababu ya basari. Sina jibu la kumdharau. Karo ni ya muhula huu, na sheria mbaya ataisikia baadaye kwenye bei ya unga. Kwa hivyo sitamwambia mtu asahau basari. Nasema basari yenyewe tuihukumu vizuri.

15. Hivi: pesa ya NG-CDF ingekuja Ruiru hata kama tungechagua jiwe. Sheria ndiyo iliileta. Kwa hivyo "alitoa basari" haitoshi kumtofautisha mtu na jiwe. Maswali ya kutofautisha ni haya: Orodha ya waliopata ilibandikwa wapi? Mwiki ilipata kiasi gani ukilinganisha na wadi zingine za Ruiru? Madarasa yaliyolipiwa yapo? Na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti ya hazina hii kwa kila eneobunge. Ripoti ya Ruiru inasomeka bure, kwa simu yako.

16. Tena hiyo hazina imewahi kutiliwa shaka mahakamani. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya CDF ya 2013 ilikiuka Katiba. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema hivyohivyo kuhusu sheria ya 2015, kwa sababu mbunge hafai kutumia pesa na wakati huohuo kuikagua. Mwaka 2025 Bunge la Kitaifa likapitisha mswada wa kubadilisha Katiba ili hazina ibaki. Mwaniaji akikuahidi basari, muulize kwa upole: "Hazina ikiondolewa, utabaki na kazi gani?" Jibu lake litakuonyesha kama anajua kiti anachotaka.

17. Kwa watu wa umri wangu, swali jipya lilizaliwa Juni 2024. Mswada wa Fedha ulipigiwa kura tarehe 25: 195 waliunga mkono, 106 wakapinga. Siku hiyo vijana waliingia Bunge na wengine walipigwa risasi wakafa. Usiku wake milio ya risasi ilisikika Githurai, hapa mlangoni. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Lakini kabla ya hapo jambo fulani lilikuwa limeshatokea: orodha ya majina ilisambaa kwenye simu, na kwa mara ya kwanza nikasikia watu kwenye matatu wakiulizana, "Wetu alipiga aje?" Hilo swali 1969 halikuwepo. 1988 lingekuponza. Lisituponyoke 2027.

18. Basi mimi nitawalinganisha hivi. Mtetezi wa kiti: alipigaje kura kwenye miswada mikubwa, alizungumza nini kwenye Hansard, ripoti ya ukaguzi inasema nini. Diwani au ofisa wa kaunti anayetaka kupanda: rekodi yake iko huko alikotoka, tusikubali aanze ukurasa mpya. Tajiri mwenye gari la maji na jezi za timu: asante kwa jezi, sasa niambie ungepunguza ushuru gani na pengo ungeliziba na nini. Kijana wa mtandaoni anayechemsha watu: umewahi kusimamia nini, hata kama ni chama cha akiba cha watu 20? Kila mmoja apate maswali yaleyale matatu: sheria gani, bajeti gani, na utamkagua nani?

19. Na mwaniaji huru? "Huru" inaeleza tu kwamba hana chama. Wengine walikosa tikiti, wengine wana msimamo. Tazama alijitoa lini na alisema nini alipokuwa ndani. Bungeni pia atalazimika kupiga kura pamoja na upande fulani. Muulize upande upi na kwa masharti gani.

20. Jambo la mwisho kwa wasio na chama kama mimi. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba majina yao yalikuwa kwenye sajili za vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Msajili wa Vyama vya Kisiasa ana huduma ya kuangalia na kujitoa kwenye eCitizen. Kagua leo. Mpigakura huru ambaye ni mwanachama bila kujua bado ameandikwa na mtu mwingine, kama ilivyokuwa zamani.

21. Sasa kazi kwenu. Andika hapa chini swali moja utakalomuuliza mwaniaji yeyote wa ubunge, bila jina na bila chama. Nitayakusanya, nitenge ya mbunge na ya kaunti, halafu tuyachape karatasi moja ya kubandika steji. Wa Mwiki ya Kasarani pia mnakaribishwa, ila mtuambie mko upande gani. Uzi ujao: diwani anafanya kazi gani hasa?