Gamelani ya Jawa, Dufu la Chiwata na Kitabu cha Safina



Tulipokuwa Chiwata, kwenye ukingo wa nyanda za juu za Makonde baina ya Masasi na Newala, tulikuta watu wazima wamekosana kwa ajili ya dufu. Ulikuwa msimu wa jando, baada ya mavuno. Wazee walitaka wari watolewe kwa maulidi na dufu, kama walivyotolewa wao. Vijana waliokuwa wamerudi kutoka masomoni walisema dufu ni bidaa, na mmoja wao akaongeza kuwa waliolileta hawakuwa na elimu, kwamba ngoma ya Wamakonde imevishwa kanzu tu. Mzee mmoja akamjibu kwamba hata Jawa, penye Waislamu wengi kuliko Uarabuni, ngoma hupigwa msikitini. Tukaulizwa sisi: ni kweli hayo ya Jawa? Tulijibu kwa ufupi siku ile, wala jibu halikututosheleza. Haya yafuatayo ndiyo tuliyopaswa kuyasema.

Ndugu msomaji, Jawa si mbali na Chiwata kama ramani inavyoonyesha. Mtoto wa chuoni katika kusini yetu akishaimaliza Juzuu Amma huanzishiwa Safinatun-Najaa. Aliyekitunga kitabu hicho, Sheikh Salim bin Abdallah bin Sumayr, alikuwa Mhadhrami, naye alifariki Batavia, mji unaoitwa leo Jakarta, mwaka 1271 H (1855). Sherehe yake mashuhuri, Kaashifatus-Sajaa, ni ya Sheikh Muhammad Nawawi wa Banten, Mjawa aliyesomesha Makka hadi kufariki kwake mwaka 1314 H (1897). Kwa hiyo kijana aliyewacheka wazee alifundishwa kutawadha na kitabu ambacho mtungaji wake amezikwa Jawa. Madh-hebu ni moja, ya Imamu Shafii. Barzanji inayosomwa huku ndiyo inayosomwa kule. Na maulidi ya Habib Ali al-Habshi wa Seiyun (aliyefariki 1333 H/1915), ambayo Habib Saleh aliyaingiza Lamu katika msikiti wa Riyadha, husomwa pia katika mji wa Surakarta, ambako nako upo msikiti uitwao Riyadh na hauli ya Habib huyo hufanywa kila mwaka.

Sasa gamelani yenyewe. Si ngoma moja bali ni jamii ya vyombo vinavyopigwa pamoja, vingi vya shaba nyeusi: saron zenye vipande vya madini juu ya sanduku la mti, bonang ambazo ni safu za vyungu vya shaba vilivyofunikwa, na gongo kubwa linaloning'inizwa, ambalo mlio wake hufunga kila mzunguko wa wimbo. Huongezwa ngoma ya kendang, filimbi, na rebab, ambayo jina lake ni rababu ya Waarabu. Mizani ya sauti ni miwili: slendro yenye sauti tano na pelog yenye saba. Vyombo vya seti moja hulinganishwa vyenyewe kwa vyenyewe, hivyo huwezi kuazima saron ya jirani ukaichanganya na zako. Seti tukufu za kasri hupewa majina na huheshimiwa kama wazee. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza gamelani katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Gamelani ni kongwe kuliko Uislamu wa Jawa. Wenyeji husimulia kwamba masheikh tisa waliousambaza Uislamu kisiwani, na hasa Sunan Kalijaga, waliuona mwelekeo wa watu kwenye shaba hiyo wakaipiga uani mwa msikiti wa Demak, na kila aliyetaka kuingia kusikiliza akatamka shahada. Hii ni riwaya ya masimulizi. Haina isnadi ya kuegemewa, nasi hatuwezi kujengea hukumu juu yake. Lililothibiti ni ada yenyewe. Mwezi wa Mfungo Sita, katika miji ya Yogyakarta na Surakarta, seti mbili za gamelani hutolewa kasri zikapelekwa ua wa Msikiti Mkuu, zikapigwa kwa siku kadhaa hadi karibu na tarehe 12. Ada hiyo huitwa Sekaten, neno ambalo wengi hulirejesha kwenye shahadatayni. Usiku wa kuamkia Ijumaa shaba hunyamaza, na hairejei mpaka Sala ya Ijumaa iwe imekwisha. Tena katika gamelani ya Sekaten kendang haimo. Mahali pake pamekaa bedug, ngoma kubwa ambayo misikiti ya Jawa huipiga kabla ya adhana.

Basi mzee wetu alikuwa sahihi nusu. Hupigwa, lakini ni uani, si ndani; na mwenye kuamrisha ni sultani, si mufti. Maulamaa wa Jawa wenyewe hawakuafikiana. Sheikh Hasyim Asy'ari, miongoni mwa waasisi wa Nahdlatul Ulama mwaka 1926 na mtetezi mkubwa wa maulidi, aliandika risala mwaka 1355 H (1936) kuwakemea wanaoyachanganya maulidi na michezo na munkari. Mtu anayependa maulidi ndiye aliyeandika hayo! Vijana wetu hudhani kukemea munkari ni kazi ya wapingao maulidi peke yao.

Tukija kwenye fiqhi, Imamu Nawawi (aliyefariki 676 H/1277) katika Minhaj, kitabu kinachotegemewa Lamu, Zanzibar na Jawa sawia, amejuzisha dufu katika harusi na katika khitani, na katika rai iliyo sahihi zaidi hata katika yasiyokuwa hayo mawili, ijapokuwa dufu lina njuga. Msomaji na aliangalie neno hilo, khitani. Jando la Chiwata limetajwa kwa jina lake katika matini ya madh-hebu miaka zaidi ya mia saba iliyopita. Alichoharamisha hapo ni zeze na jamii yake ya nyuzi, zumari, na kuba, ngoma nyembamba katikati na pana pande mbili. Imamu Ghazali (505 H/1111) katika Ihyaa ameeleza sababu: nyuzi, zumari na kuba zilikuwa alama ya walevi, na aliyejifananisha na watu huhesabiwa nao. Shaba ya Wajawa haikutajwa na yeyote kati yao, kwa kuwa hawakuiona. Ndipo pa khilafu: anayeishikilia sababu ataangalia ni nani waipigao na wapi; anayeshikilia dhahiri ya hadithi ya vyombo iliyomo kwa Bukhari ataizuia. Ibn Hazm aliitia ila hadithi hiyo kwa kudai isnadi yake imekatika, na wahakiki wengi wakamrudi. Nasi rai yetu ni kwamba mzee hana haja ya gamelani ili kulitetea dufu lake. Lake lina nassi ya madh-hebu, na Sekaten ni ada ya kifalme isiyozidi daraja ya mfano.

Kuhusu kanzu aliyovishwa Mmakonde, hapa kijana alidhulumu historia. Wayao walikuwa na unyago wao wa lupanda. Walimu wa Kiislamu waliopanda bara kutoka pwani waliingiza humo khitani ya kisheria, na neno la pwani, jando, likashika. Wamisheni walifuata njia hiyo hiyo. Misheni ya Vyuo Vikuu iliyoanza Masasi mwaka 1876 chini ya Askofu Steere, na iliyokuwa na kituo Chiwata pia, ilipambana na jando hadi Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi tangu 1926, alipolifanya la Kikristo. Mwaka huo huo, kama tulivyotaja, ndio wa Nahdlatul Ulama. Nyimbo za nyanda hizi zilipata hata kunaswa kwa mashine: mwaka 1906, moto wa Majimaji ukiwa haujapoa, Mjerumani Karl Weule alitoka Lindi akafika Masasi na Newala akiwa na fonografu ya mitungi ya nta. Miaka miwili baadaye serikali ya Wajerumani ilitaharuki kwa Waraka wa Makka uliozagaa Lindi, na dhikiri za Kadiria ndizo zilizotiliwa shaka. Walioogopwa hawakuwa watu wa kucheza tu.

Yupo pia aliyetaka kuiunganisha ngoma yetu na Jawa kwa damu. A. M. Jones, mmisheni wa misheni hiyo hiyo huko Rhodesia ya Kaskazini, alichapa mwaka 1964 kitabu kinachodai kuwa marimba za Afrika zimetoka Indonesia, akipima sauti zake na kuzilinganisha. Dimbila ya Wamakonde, mbao zilizolazwa juu ya vigogo vya mgomba, ingeingia humo vizuri. Wahakiki wengi hawakumkubali: mbao hulika na sauti hubadilika, na watu wawili huweza kufikia mizani moja bila kuonana. Lakini safari zenyewe hazikanushiki. Kimalagasi ni ndugu wa lugha za Borneo. Buzurg bin Shahriyar ameandika jinsi Wawaqwaq walivyokivamia kisiwa cha Qanbalu mwaka 334 H (945) wakitaka pembe na watumwa, na Idrisi mwaka 548 H (1154) anawataja watu wa Zabaj wakifanya biashara pwani ya Zanji. Ngalawa ya mvuvi wa Mtwara, yenye mbawa mbili, yaelekea ni ukumbusho wao. Hao hawakuwa Waislamu, wala hawakuja na Safina. Kilichokuja baadaye, kwa mkono wa Mhadhrami aliyefia Batavia, kilipita njia nyingine.

Wari walitolewa Alhamisi ile kwa dufu, uani, nje ya msikiti. Kijana yule alisimama nyuma, mikono kifuani, na Barzanji ilipofika kwenye kisimamo alisimama na wengine, maana alikuwa amekwisha kusimama.