Deni langu la Kidato cha Pili

Bumu halijatoka, nimejifungia geto na chai ya rangi. Leo niwape historia kidogo, maana nina deni.

Mimi ni wa Ngara, ila fildi ya mwaka jana nilipangiwa Biharamulo, fizikia Kidato cha Pili. Siku moja binti mmoja akauliza: "Mwalimu, mwanaanga akiwa nje ya chombo, kamba ikikatika anarudije?" Nikajibu harakaharaka nisiaibike: anapiga mikono kama anaogelea. Darasa likaridhika. Jamani, nilidanganya.

Mvuvi wa Ziwa Burigi akipiga kasia anasukuma maji nyuma, na maji yanamsukuma mbele. Ndiyo kanuni ya tatu ya Newton hiyo. Huko juu hakuna maji wala hewa, kwa hiyo lazima ubebe mwenyewe kitu cha kusukuma.

Wamarekani walianza na bastola ya gesi. Juni 1965 Ed White aliitumia nje ya Gemini 4, gesi ikamwishia baada ya dakika chache. Mwaka 1966 Gene Cernan alitakiwa ajaribu begi la mgongoni. Alichoka sana, kioo cha kofia kikajaa ukungu, zoezi likafutwa. Mwaka 1973 wakajaribu begi jingine ndani ya kituo cha Skylab.

Bruce McCandless alikuwa mmoja wa waliohangaika na kazi hiyo miaka yote. Tarehe 7 Februari 1984 akatoka Challenger bila kamba yoyote, akafika karibu mita 100. Begi lake, MMU, lilikuwa na vitundu 24 vya kutoa naitrojeni: gesi ikitoka huku, yeye anakwenda kule. Ile picha yake akielea peke yake mnaijua.

Ila picha haisemi yaliyofuata. Aprili mwaka huohuo George Nelson alilivaa akanase satelaiti mbovu, Solar Max. Kifaa cha kunasia kikagoma, satelaiti ikazidi kuyumba. Siku mbili baadaye ilikamatwa kwa mkono wa mashine wa chombo chenyewe. Novemba, Joe Allen na Dale Gardner wakafanikiwa: waliopoa satelaiti mbili, Palapa B2 na Westar 6, zikarudishwa duniani. Ikawa mwisho. Januari 1986 Challenger ilisambaratika na watu saba wakafa, masharti ya usalama yakakazwa, na MMU haikuruka tena. Yaani begi maarufu kuliko yote lilifanya kazi mwaka mmoja tu.

Mwaka 1994, ule ambao wazee wetu Ngara wanaukumbuka kwa wakimbizi wa Benaco, likajaribiwa begi dogo, SAFER. Hilo ni la dharura tu. Kamba kwanza, begi baadaye.

Kwa hiyo binti, jibu lako ni hili: mikono haimrudishi hata hatua moja. Kamba ikikatika, anawasha gesi ya mgongoni, anarudi taratibu.

Nimemwandikia mwalimu aliyenisimamia kule awasomee darasani. Sasa wako Kidato cha Tatu. Na wenzangu mnaokwenda fildi, "sijui, nitakuletea kesho" ni jibu halali kabisa. Mimi kesho yangu imechukua mwaka mzima.

Bumu likitoka tuonane kantini.