Negativu tatu kwa picha moja: historia ya kutenganisha rangi, na faida yake huku Barani

Leo naweka kando hifadhidata na seva, niandike juu ya jambo ambalo wengine watasema halina uhusiano na programu. Uhusiano upo, tena wa damu. Ukifungua picha ya rangi kwenye tarakilishi, ndani ya faili mna picha tatu za kijivu zilizolaliana: moja ya wekundu, moja ya ukijani, moja ya ubuluu. Wazo hilo halikuletwa na tarakilishi. Lina umri wa zaidi ya miaka 160, na wako watu ambao hadi leo wanalifanya kwa mkono, kwa brashi, gundi, maji na jua. Jua tunalo. Tuanze.

Tarehe 17 Mei 1861, James Clerk Maxwell, mwanafizikia Mskoti, alisimama Royal Institution jijini London akaonyesha picha ya utepe wa kitambaa chenye miraba. Thomas Sutton alikuwa ameupiga picha utepe ule mara tatu, kila mara akipitisha mwanga kwenye kichujio cha rangi tofauti: nyekundu, kijani, buluu. Picha zote tatu zilikuwa nyeusi na nyeupe. Zikatupwa ukutani kwa taa tatu, kila moja na kichujio chake, na rangi zikaonekana.

Wapenda programu mtaipenda hii: jaribio lile halikustahili kufaulu. Dawa ya picha ya wakati ule ilikuwa haioni wekundu kabisa. Miaka 100 baadaye, mwaka 1961, Ralph Evans wa Kodak alieleza kilichotokea. Rangi nyekundu ya utepe ilikuwa ikirudisha pia mionzi ya urujuanimno, na kichujio chekundu cha Sutton kiliruhusu mionzi hiyo kupita. Sahani "nyekundu" ilikuwa imenasa kitu kingine, na kwa bahati kitu hicho kilikaa mahali pale pale pa wekundu. Hitilafu mbili zimekutana zikatoa jibu sahihi. Kila mwandika programu ana msimbo kama huo mahali fulani, na hataki kuugusa.

Maxwell alijumlisha mwanga. Kuchapa kwenye karatasi ni hesabu ya kinyume, kwani wino hupunguza mwanga. Kazi hiyo ilifanywa na Louis Ducos du Hauron wa Ufaransa, aliyechapisha kitabu chake juu ya rangi katika upigaji picha mwaka 1869. Mwenzake Charles Cros alifikia wazo hilo hilo karibu wakati ule ule bila wao kufahamiana. Ducos du Hauron alipiga negativu tatu kwa vichujio vitatu, kisha akachapa matabaka matatu ya rangi ya unga iliyoshikwa na gelatini, moja juu ya nyingine. Picha yake ya mji wa Agen ya mwaka 1877 ipo hadi leo. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel alikuwa amegundua namna ya kuifanya dawa ya picha ione kijani na baadaye wekundu. Bila hilo kazi hii yote ingebaki ya kubahatisha.

Kinachoshika rangi kwenye karatasi ni dikromati. Changanya gundi ya mgunga, rangi ya unga na dikromati, paka kwenye karatasi, acha ikauke gizani. Ikipigwa na jua inakuwa ngumu. Pasipopigwa na jua inabaki laini na kuoshwa na maji. Mungo Ponton alionyesha mwaka 1839 kwamba dikromati kwenye karatasi huathiriwa na mwanga, na Alphonse Poitevin mwaka 1855 ndiye aliyeitia rangi ya unga. (Gundi hii si sandarusi, ile iliyosafirishwa sana kutoka pwani yetu enzi za majahazi. Sandarusi haiyeyuki katika maji, kwa hiyo usijaribu. Gundi ya mgunga hutoka sehemu kavu, Sudan hasa, na kaskazini mwa Kenya yetu.)

Shida ya njia hizi zote ni kwamba negativu lazima iwe na ukubwa sawa na picha, kwa sababu inalazwa moja kwa moja juu ya karatasi. Sir John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar aliyefika kwenye magofu ya Gedi mwaka 1884, alikuwa mpiga picha tangu msafara wa Zambezi wa mwaka 1858, na huko aliwahi kutumia negativu za karatasi iliyopakwa nta. Kamera kubwa, negativu kubwa, mizigo mingi. Ukitaka rangi, zidisha mara tatu. Ndiyo maana njia hizi zilikufa mara filamu ndogo na maabara zilipoenea.

Zilizizima hadi printa za kumwaga wino zilipokuja. Mwaka 1995 Mmarekani Dan Burkholder alitoa kitabu kuhusu kutengeneza negativu kwa tarakilishi, na baada ya hapo watu wakaanza kuchapa negativu kwenye karatasi ya plastiki angavu, nyumbani. Kamera sasa inaweza kuwa simu yako. Negativu tatu za ukubwa wa A4 zinatoka kwenye printa ya mezani.

Kwa upande wetu wa programu, ImageMagick, iliyotolewa bure mwaka 1990 na John Cristy, inafanya sehemu kubwa ya kazi kwa mstari mmoja:

magick gedi.tif -separate -negate -flop gedi-%d.tif

Neno la kwanza baada ya faili linatenganisha, la pili linageuza nyeupe kuwa nyeusi, la tatu linageuza kushoto kuwa kulia ili upande wenye wino uguse karatasi. Unapata faili tatu: 0 ni nyekundu, 1 kijani, 2 buluu.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo tuende polepole. Negativu ya wekundu haichapi nyekundu. Inachapa sayani, ile buluu inayoelekea kijani. Ya kijani inachapa majenta, ya buluu inachapa manjano. Chukua leso nyekundu. Katika faili ya wekundu leso hiyo ni nyeupe, kwa hiyo kwenye negativu ni nyeusi, inazuia jua. Sayani inabaki laini, inaoshwa. Katika faili nyingine mbili leso ni nyeusi, kwenye negativu ni wazi, jua linapita, majenta na manjano yanashika. Majenta juu ya manjano ni nyekundu. Ukishaiona mara moja hutaisahau.

Na kwa kuwa nimeitaja leso: ile nayo hutenganishwa rangi, lakini si kwa njia hii. Kila rangi ya leso ina kibao au fremu yake, na rangi hazitegemeani. Wachoraji wa leso, wakiwemo wa duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa lenye alama ya "Mali ya Abdulla" tangu mwaka 1887, hawakuhitaji Maxwell. Ila tatizo moja ni letu sote. Angalia leso ya bei rahisi, utaona mstari mweupe mwembamba kando ya ua, mahali rangi mbili zimekosana kwa milimita moja. Katika picha ya gundi tatizo hilo huzidi, kwa sababu karatasi inalowa na kukauka mara tatu na kila mara inasinyaa. Dawa yake ni kuiloweka katika maji ya moto na kuikausha kabla ya kazi, isinyae mapema, kisha kutoboa matundu mawili kwenye karatasi na negativu zote ili zikae mahali pamoja.

Hali ya hewa ya huku Barani nayo ina maneno yake. Karatasi iliyopakwa dikromati huendelea kugumaa hata gizani, na joto na unyevu vinaharakisha. Vitabu vinavyoandikwa kwenye nchi baridi havikuandai kwa mwezi wa Machi Malindi. Paka alfajiri, chapa asubuhi hiyo hiyo. Jua nalo usilitegemee kwa saa peke yake. Fanya kipande cha majaribio chenye ngazi za kijivu, ukiangalie, kisha urekebishe mkunjo wa negativu kwa mujibu wake. Na tafadhali: dikromati ni sumu na husababisha saratani. Umoja wa Ulaya uliiwekea vizuizi vikali tangu mwaka 2017. Vaa glavu, na maji yake usiyamwage uani. Ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe, umejaa matundu, na visima haviko mbali. Kwa anayeanza, tabaka la sayani linaweza kuchapwa kwa njia ya buluu ya John Herschel ya mwaka 1842, ambayo haina dikromati.

Mtu ataniuliza, yote haya ya nini na printa ya rangi iko pale? Fungua albamu ya nyumbani. Picha nyeusi na nyeupe za studio za Mombasa na Lamu za miaka ya 1950 na 1960, kazi za kina N. V. Parekh na wenzake, nyingi bado ziko imara. Picha za rangi za harusi za miaka ya 1970 na 1980 zimekuwa nyekundunyekundu, nyuso zinayeyuka. Sababu ni kwamba karatasi ile ina rangi tatu za kikemikali na hazifi kwa kasi moja. Kwenye karatasi nyingi za wakati ule sayani ndiyo inayotangulia, hata albamu ikiwa imefungwa kabatini.

Maana yake, picha hiyo ni matabaka matatu na moja limedhoofika. Iskani kwa biti 16, itenganishe, na faili ya wekundu utaikuta imepauka, kila kitu ndani yake ni kijivu kinachofanana. Ivute peke yake hadi nyeusi iwe nyeusi na nyeupe iwe nyeupe. Nyingine mbili ziguse kidogo tu. Sura ya bibi harusi inarudi. Chembechembe za kelele nazo zinaongezeka, lakini gundi na karatasi yenye nyuzi huzimeza.

Maktaba ya Congress ya Marekani ilifanya jambo linalofanana na hili kwa kiwango kikubwa. Ilinunua mwaka 1948 sahani za Mrusi Sergei Prokudin-Gorskii, aliyepiga nchi yake kwa vichujio vitatu kabla ya mapinduzi ya 1917. Kwa kuwa kila sahani ni fedha nyeusi na nyeupe, rangi hazikuwa na cha kupauka. Mwaka 2004 Blaise Agüera y Arcas aliwaandikia programu ya kulinganisha picha zote 1,902 moja kwa moja.

Kwa hiyo ukishatengeneza negativu zako tatu za albamu ya familia, usizitupe baada ya kuchapa. Ziandike kwa penseli ubavuni: nyekundu, kijani, buluu, na tarehe. Zitenganishe kwa karatasi isiyo na asidi, uziweke mahali pasipo na mchwa.