Wafu Wasiotoka Ukooni: Filamu za Kutisha na Ulimwengu wa Nyanda za Juu Kusini

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi alitoa filamu ya video iitwayo Nsyuka, mojawapo ya filamu za mwanzo kabisa za kutisha kwa Kiswahili. Soko la video la Dar es Salaam lilikuwa bado changa, na lilipenda mapenzi. Girlfriend ya George Tyson, iliyotoka mwaka 2003, iliwaonyesha wengi kwamba filamu ya nyumbani inauzika. Banzi alishika njia nyingine. Mbinu za kutisha alizikuta tayari katika filamu za Marekani na za Nijeria: damu, nyuso zilizopakwa rangi, muziki unaomshtua mtazamaji kabla hajaona kitu. Jina la filamu, hata hivyo, hakulitoa Hollywood wala Lagos. Lilitoka Mbeya, kwa Wanyakyusa, ambao wafu wao wanaoendelea kushughulika na walio hai huwaita abasyuka.

Uchaguzi huo wa jina una uzito mkubwa kuliko unavyoonekana. Aina ya filamu huazimwa bila shida, kwa kuwa ni utaratibu tu wa kupanga matukio ili mtu asinyanyuke kitini. Ulimwengu wa kubuni ni jambo jingine. Una sheria zake: nani hufa, nani hurudi, hurudi kwa kosa gani la nani, na ni nani mwenye uwezo wa kumtuliza. Msanii akiazima hata sheria hizo, amefanya nakala. Akizitoa kwao, hata kamera yake ikitikisika, amejenga chake.

Waandishi wa riwaya pendwa walilitambua hilo mapema kuliko watengenezaji wa filamu. Faraji Katalambulla alichapisha Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha akaanzisha Film Tanzania, gazeti la hadithi za picha zilizopangwa kama sinema iliyosimamishwa. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta jasusi Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Wahakiki wamemlinganisha Gamba na James Bond tangu awali, nao hawakukosea: bastola, hoteli, wanawake warembo na safari za ndege zote zimo. Lakini Bond hupigana na tajiri mwendawazimu ili mambo ya dunia yabaki yalivyo. Gamba hupigana na makaburu na vibaraka wao ili mambo yabadilike. Mkuu wake si malkia, ni Afrika inayojikomboa. Badiliko hilo moja lilitosha kuifanya riwaya ya kijasusi iwe mali ya msomaji wa Kiswahili.

Wala halikuwa badiliko la kufikirika. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalianza kupita Iringa na Mbeya kwa malori, katika barabara iliyokuwa vumbi kiangazi na tope masika. Bomba la TAZAMA likakamilika mwaka 1968. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ikapasua milima kupitia Makambako na Mbeya hadi Tunduma na ng'ambo yake, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Mkoani Iringa kulikuwa na kambi ya Mgagao ya wapiganaji wa Zimbabwe, na hapo mwaka 1975 maofisa wao walitoa azimio la kumkataa kiongozi wao Ndabaningi Sithole na kumtaja Robert Mugabe. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO ya Msumbiji, alikuwa ameshauawa kwa bomu la kitabu jijini Dar es Salaam, Februari 1969. Kijana wa Mafinga aliyesoma habari za Willy Gamba hakuwa na haja ya kuambiwa kwamba majasusi wapo. Malori alikuwa akiyaona.

Filamu zenyewe zilikuja kwa njia ndefu. Serikali ya kikoloni ilianza na filamu za mafunzo: kati ya 1935 na 1937 mradi mmoja wa Waingereza ulipiga picha Vugiri, Usambara, na kuzitembeza kwa gari. Katika miaka ya 1950 zikafuata filamu kama Muhogo Mchungu, ambayo mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, waziri mkuu wa baadaye. Hizo zilikuwa na ulimwengu mmoja tu, wa mshamba anayetakiwa kuelimika, na sidhani kama ziliwaachia wasimuliaji kitu. Majumba ya sinema ya mijini, yenye filamu za Kihindi, za wapiga bunduki wa Marekani na za karate, yaliacha zaidi. Televisheni Tanzania Bara haikuanza hadi 1994. Kwa hiyo katika miji midogo ya nyanda za juu, mtu aliyekosa sinema alikutana na filamu katika kibanda cha video, amebanana na wenzake kwenye mabenchi.

Kibanda kilikuwa na jambo ambalo sinema haikuwa nalo: mtafsiri. Aliyevuma zaidi ni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake iliyorekodiwa juu ya filamu za kigeni ilisambaa kwa kanda. Hakutafsiri maneno tu. Alieleza kwa nini mtu analipiza kisasi, akamhukumu, akamtania, akaingiza habari za mtaani. Jambazi wa Hong Kong alimaliza filamu akiwa na sababu za Kitanzania. Kabla ya Banzi na wenzake kushika kamera, watazamaji walikuwa wameshazoea kuona picha za mtu mwingine zikitawaliwa na mantiki yao wenyewe.

Turudi kwa wafu. Zombi wa sinema ya Marekani aliingia na White Zombie mwaka 1932, na katika filamu hiyo, iliyowekwa Haiti, wafu wanafanya kazi kwenye kinu cha sukari. George Romero alipotoa Night of the Living Dead mwaka 1968, kazi ilitoweka. Mfu akawa mla watu anayetangatanga. Msukule wa Tanzania alibaki kazini. Anasadikiwa kwamba hakufa, amechukuliwa, na mahali pake ukazikwa mgomba au gogo, na usiku analima shamba la aliyemchukua. Kwangu, hofu hiyo ni ya mkulima hasa. Wanyakyusa walikwenda kuchimba dhahabu ya Lupa, Chunya, na shaba ya Zambia, baadhi hawakurudi. Kutumikishwa bila ujira, mbali na kwenu, huku ndugu wakiwa wamekwisha kukulilia, ni tishio ambalo Romero hakulijua. Mtengenezaji wa filamu anayempa msukule meno ya kung'ata watu amempunguza.

Ulimwengu wa Rungwe, nchi ya Wanyakyusa, una mengi kuliko mzimu mmoja. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti huko katikati ya miaka ya 1930, waliandika juu ya vijiji vya marika: wavulana wa miaka kama kumi waliondoka kwa baba zao, wakajenga kijiji chao, wakazeekea humo pamoja. Kuhusu uchawi, waliambiwa kwamba mchawi ana chatu tumboni. Ila walinzi wa kijiji nao wana chatu. Uwezo ni ule ule, na wanapigana usiku ndotoni. Tofauti ni kwamba mmoja anautumia kwa uroho, mwingine kwa haki. Aliyewatendea jirani zake ubaya, akamtukana mzazi au kula peke yake, hupigwa na pumzi yao, yaani manung'uniko yao humwingia mwilini kama baridi, akaugua. Dawa ni kukiri na kuwalisha aliowakosea. Na msiba usipofanyiwa matambiko ipasavyo, mfiwa huweza kuwa na wazimu.

Mtu angetumia maisha yake yote akibuni, asipate sheria zilizoshikamana hivyo. Filamu za kutisha za Nijeria kwa kawaida humleta mchungaji na Biblia dakika za mwisho, pepo akalia na kutoka. Filamu nyingi za Tanzania zimefuata mkondo huo, wakati mwingine zikimweka mganga au shehe mahali pa mchungaji. Katika sheria za Rungwe mwisho huo haufai. Anayekulinda ana nyoka yule yule wa anayekuwinda, na huenda wewe mgonjwa ndiye mkosaji. Hadithi ya namna hiyo ni ngumu kuiandika, na ndiyo maana ingekuwa na thamani.

Kuna tahadhari, nayo si ndogo. Tanzania imeshuhudia wazee, hasa wanawake, wakiuawa kwa kushukiwa uchawi, na Mbeya yenyewe imekuwa na hofu za uchunaji ngozi zilizofika hadi mahakamani. Msanii anayemchora bibi kizee mwenye macho mekundu kuwa ndiye mwovu anacheza na moto ambao tayari umeunguza watu. Sheria ya chatu wawili walau inamzuia asifanye mambo kuwa mepesi.

Iringa nayo ina ulimwengu wake, na nadhani wasimuliaji wa skrini wameupita mbio. Kila mwanafunzi anajua Lugalo, 17 Agosti 1891, ambapo jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilimuua kamanda Mjerumani Emil von Zelewski na kukisambaratisha kikosi chake. Ngome ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894, na mwenyewe akajiua Julai 1898 huko Mlambalasi. Wengi wakiiwazia filamu ya Mkwawa huwaza ya vita, yenye mikuki na mizinga, ambayo gharama zake zinajulikana.

Lakini sehemu ya kutisha inaanza baada ya kifo chake. Kichwa kilikatwa, fuvu likapelekwa Ujerumani, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, ukaagiza lirudishwe. Halikurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta mkusanyiko mkubwa wa mafuvu, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya jamaa wa Mkwawa walio hai. Mwaka 1954 alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, naye akalipokea mbele ya Wahehe waliofurika. Lipo Kalenga hadi leo, ndani ya sanduku la kioo, na mashaka kuhusu uchaguzi ule hayajaisha. Filamu hiyo haihitaji mizinga. Vyumba viwili vinatosha, cha Bremen na cha Kalenga, pamoja na mwandishi atakayekubali kujibu swali moja: ikiwa fuvu si lake, basi ni la nani, na kwao wanamlilia wapi?