Maneno Magumu ya Kiingereza na Kabati Lenye Kufuli

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wapo wanafunzi wanaobisha hodi ofisini kwangu na ombi lilelile: "Mwalimu, naomba orodha ya maneno magumu ya Kiingereza nikayakariri." Wengine huja na orodha tayari, iliyotolewa kopi steshenari mara nyingi hata herufi zimefifia, wakitaka niithibitishe. Si ombi la kuchekwa. Kijana huyo alisoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akakuta lugha ya darasa imebadilika, na sasa yuko chuo kikuu mbele ya kitabu ambacho kila sentensi ina neno moja au mawili asiyoyajua. Akishindwa mtihani, hakuna atakayeandika kwamba alikosa msamiati. Itaandikwa kwamba hajui somo.

Orodha za namna hiyo zina historia ndefu, na haikuanzia kwetu. Ilianzia kwa Waingereza wenyewe, enzi ambazo Mwingereza wa kawaida hakukielewa Kiingereza cha wasomi wake.

Mwaka 1604 kilichapishwa London kijitabu kiitwacho A Table Alphabeticall. Mtungaji wake, Robert Cawdrey, alikuwa mwalimu wa shule na mchungaji aliyevuliwa utumishi kwa kukaidi taratibu za Kanisa la Uingereza. Kijitabu hicho huhesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, lakini hakikufanana na kamusi tuzijuazo leo. Hakikuhangaika na maji wala mkate. Kilikusanya takriban maneno 2,500, na ukurasa wake wa jina ulitangaza wazi kwamba ni maneno magumu, yaliyoazimwa kutoka Kiebrania, Kigiriki, Kilatini na Kifaransa. Walengwa nao walitajwa bila haya: mabibi, wanawake wa tabaka la juu, na watu wengine wowote wasio na ujuzi; kwa maneno mengine, wale ambao hawakupelekwa kwenye shule za Kilatini. Cawdrey anamshauri msomaji wake kwamba, ili kitabu kimfae, ajifunze kwanza alfabeti kwa moyo, ajue herufi ipi iko karibu na mwanzo, ipi katikati na ipi kuelekea mwisho. Hao ndio aliowaandikia, na lugha aliyokuwa akiwafafanulia ilikuwa lugha ya mama zao.

Ilikuwaje lugha ya mama ikahitaji mfasiri? Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikaa ikulu na mahakamani, Kilatini kikakaa kanisani na vyuoni, na Kiingereza kikabaki mashambani na jikoni. Kiliporejea kwenye madaraka kilikuwa kimebeba mizigo ya lugha hizo mbili. Ndiyo maana Mwingereza ana "ask" ya nyumbani, "question" iliyopitia Kifaransa na "interrogate" ya Kilatini, mithili yetu tulio na kuuliza, kuhoji na kusaili. Kisha katika karne ya 16 wasomi waliofufua elimu ya Wayunani na Warumi wakamimina maneno mapya kwa maelfu, mengine kwa haja ya kweli, mengine kwa kujionyesha.

Ugomvi ukazuka. Waliochukizwa waliyaita maneno ya kidau cha wino, kwa kuwa yalitoka kwenye kalamu za wasomi wala si vinywani mwa watu. Thomas Wilson, katika kitabu chake cha balagha cha mwaka 1553, alitia barua ya kejeli ya mtu wa Lincolnshire anayeomba nafasi ya kanisa iliyokuwa wazi. Barua nzima imejaa Kilatini kilichovishwa nguo za Kiingereza, hata ombi lenyewe linazama humo. Kila niisomapo hukumbuka mafurushi ya barua za maombi ya kazi niliyowahi kuyapitia katika kamati za usaili. Zaidi ya miaka mia nne imepita, na mwombaji yule bado anaandika.

Upande mwingine alisimama John Cheke, na msimamo wake unastaajabisha, maana alikuwa profesa wa Kigiriki pale Cambridge. Yeye ndiye angestahili kuyashabikia maneno ya Kigiriki kuliko wote. Badala yake, alipoifasiri Injili ya Mathayo, alijitahidi kuunda maneno kutokana na mizizi ya Kiingereza chenyewe: akida wa askari mia akawa "hundreder", ufufuko ukawa "gainrising", na mtu aliyepagawa kwa mwezi akawa "mooned". Mkulima yeyote angeelewa. Lakini tafsiri hiyo haikuchapishwa hadi karne ya 19, na Cheke alishindwa vita.

Kushindwa kwake kuna gharama inayolipwa mpaka leo. Mtoto wa Mwingereza asiyejua Kigiriki haoni mwanga wowote ndani ya neno "photosynthesis". Mtoto wa Kitanzania akiambiwa usanisinuru anaiona nuru papo hapo, kwa sababu waundaji wa istilahi za Kiswahili walifanya kile alichotaka Cheke. Sisemi kwamba neno la kuazima ni gumu kwa kuwa limeazimwa. Mahakama, hakimu na wakili tumevipata kutoka Kiarabu, na bibi yangu asiyejua kusoma aliyatumia maneno hayo vizuri, kwa sababu kesi za mashamba zilimfundisha. Neno huwa gumu pale mtu anapolazimika kulijua bila kupewa mahali pa kukutana nalo. Msamiati wa juu wa Kiingereza unakaa vitabuni. Hausikiki sokoni wala kwenye basi, hata huko Uingereza. Mtoto wa maskini wa Manchester naye hukutana nao shuleni kama mgeni. Tofauti ni kwamba yeye anavuka mpaka mmoja, na mwanafunzi wetu anavuka miwili.

Aliyelielewa jambo hili mapema alikuwa Michael West, afisa wa elimu wa kikoloni huko Bengal. West aliona kwamba wanafunzi wengi wa Kibengali waliacha shule kabla ya kufika mwisho, akauliza swali ambalo watawala hawakupenda kuliuliza: huyu anayeondoka njiani anaondoka na nini? Alilinganisha masomo ya lugha na bima, ambayo mwanachama akiivunja kabla ya muda hurudishiwa kiasi fulani. Kwa Kiingereza kilivyofundishwa wakati ule, aliyetoka mapema hakurudishiwa kitu. Jibu lake, alilolieleza katika ripoti ya mwaka 1926, lilikuwa kutanguliza kusoma: vitabu vingi vya kuvutia, vilivyoandikwa kwa maneno machache yaliyochaguliwa, ambamo neno jipya huletwa kwa uangalifu kisha hurudiwarudiwa mpaka lizoeleke.

Ili kuandika vitabu hivyo ilibidi maneno yahesabiwe. Mmarekani Edward Thorndike alikuwa ameshachapisha orodha ya maneno 10,000 mwaka 1921, kulingana na wingi wa kutumika kwake. Mwaka 1934 West na wenzake walikutana New York kwa ufadhili wa shirika la Carnegie, na kazi waliyoianza ikazaa orodha ya msingi ya takriban maneno 2,000, iliyotoka mwaka 1953. Ya baadaye, na iliyo mashuhuri zaidi vyuoni, ni ya Averil Coxhead wa New Zealand, iliyochapishwa mwaka 2000. Yeye alipekua maandiko ya kitaaluma yenye maneno kama milioni tatu na nusu, akapata koo 570 za maneno yanayojirudia katika fani nyingi: uchumi, sheria, sayansi, sanaa. Katika maandiko hayo, maneno ya msingi ya West yalichukua takriban asilimia 76, na koo hizo 570 zikaongeza asilimia 10. Anayejua ya West peke yake hukosa karibu neno moja katika kila manne. Hapo hakuna kusoma, ni kubahatisha.

Lakini orodha hizi zilitungwa kwa ajili ya nani? West aliitunga yake kwa ajili ya waandishi wa vitabu na watayarishaji wa masomo, iwaongoze wanapomwandalia mwanafunzi vitu vya kusoma. Ilikuwa kipimo cha fundi. Sisi tumekichukua kipimo cha fundi, tukampa mwanafunzi na kumwambia ndiyo nyumba.

Tuje nyumbani. Mwaka 1967, pamoja na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki sekondari na kuendelea. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zihamie Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ilikataa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima hali ya Kiingereza nchini. Walikuta kwamba ni takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa na kiwango ambacho mtu angetarajia mafunzo kwa Kiingereza yaanzie. Kidato cha nne, ndugu msomaji, yaani mwishoni, si mwanzoni. Chuo kikuu, chini ya asilimia 20 ya waliopimwa ndio wangeweza kusoma kwa urahisi hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Baada ya kuandika hayo, ripoti ilishauri Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia. Nimeisoma hitimisho hiyo zaidi ya mara moja nikidhani nimeruka ukurasa.

Hata hivyo, kutokana na ripoti hiyo kulizaliwa jambo jema. Kuanzia mwaka 1987 ulifanyika mradi uliofadhiliwa na Uingereza, ambao pamoja na mambo mengine ulipeleka katika shule za sekondari vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa, vya kusomwa kwa wingi. Hapo wazo la West lilitufikia likiwa zima: mpeni mtoto vitabu, maneno yatamfuata.

Katika sekondari niliyosoma, vitabu vya aina hiyo vilikuwapo. Viliwekwa kwenye kabati la kioo katika ofisi ya taaluma, na kabati lilikuwa na kufuli. Mwalimu mhusika aliogopa, na kwa haki, kwamba kitabu kikipotea yeye ndiye angedaiwa. Basi tukawa tunavisoma majina ya mgongoni tukiwa tumesimama pale kusubiri adhabu. Darasani tuliandikiwa ubaoni maneno kumi kila Jumatatu na kuulizwa maana zake Ijumaa. Nilikuwa hodari wa maneno kumi. Nilipofika chuo kikuu na kupewa kitabu cha kurasa mia tatu kukisoma kwa juma moja, uhodari ule haukunivusha hata sura ya kwanza.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Madarasa ya sekondari yameendelea na Kiingereza. Mimi ni wa upande wa Makweta na sifichi. Lakini mabishano ya lugha ipi itumike yasiwe kisingizio cha kumwacha kijana aliyeko darasani leo bila lugha yoyote ya kusomea. Hata siku Kiswahili kikishika nafasi yake, msamiati wa juu wa Kiswahili nao utakaa vitabuni, na vitabu vitahitaji bajeti, na maktaba isiyokuwa na kufuli.

Kwa hiyo anayekuja kuniomba orodha humpa sura moja ya kitabu cha fani yake na kumtaka aisome mara tatu: mara ya kwanza bila kamusi, mara ya pili akipigia mstari yale tu yanayojirudia, na mara ya tatu akimsimulia mwenzake kwa Kiswahili sura hiyo inadai nini. Juzi mmoja alirudi na daftari lake. Alikuwa amepigia mstari maneno arobaini na moja, na alipoyapanga kwa koo yakabaki ishirini na sita. Aliniuliza kama sura ya pili inapatikana maktaba. Nilimwambia nakala ni moja, na imeazimwa tangu mwezi wa tatu.