Grýla, Zimwi la Krismasi Nchini Iceland

Kwetu Krismasi ni sikukuu ya furaha. Zamani, watoto wa Iceland waliingoja kwa hofu pia. Waliambiwa kwamba Grýla, zimwi jike, hushuka mlimani na kuwachukua watoto watundu awapike chunguni, huku wanawe wakiiba chakula majumbani.

Mwaka 1746 amri ya serikali ilikataza wazazi kuwatisha watoto kwa mazimwi hao, lakini masimulizi yaliendelea. Nadhani ni kwa sababu hofu iliwasaidia wazazi kuwazuia watoto wasitoke nje kwenye baridi na giza la Desemba.

Mwaka 1932 mshairi Jóhannes úr Kötlum aliwataja wana 13 katika shairi la watoto. Leo wana hao huleta zawadi. Kwa maoni yangu, washairi na wazazi waliibadili mila hii kuliko amri ya serikali.