Timu ya Immaculata na Mwanzo wa Ubingwa wa Wanawake katika Mpira wa Kikapu wa Vyuo vya Marekani

Atajapo mtu leo mpira wa kikapu wa wanawake katika vyuo vikuu vya Marekani, majina yanayotangulia ni Connecticut, Tennessee au Stanford: vyuo vyenye viwanja vya maelfu ya viti na makocha wanaolipwa mishahara mikubwa. Lakini bingwa wa kwanza wa mashindano ya kitaifa ya mwaka 1972 hakuwa miongoni mwao. Alikuwa Immaculata, chuo kidogo cha wasichana karibu na Philadelphia, kilichoanzishwa mwaka 1920 na masista wa shirika la Watumishi wa Moyo Safi wa Maria. Jinsi chuo hicho kilivyofika kileleni, na jinsi kilivyoteremka upesi, ni mambo mawili yasiyoweza kuelezwa moja pasipo jingine.

Yafaa kwanza kukumbuka asili ya mchezo wenyewe. James Naismith aliubuni mjini Springfield, Massachusetts, mwezi wa Desemba 1891, na mwaka uliofuata Senda Berenson alikwisha kuwafundisha wanafunzi wa chuo cha wanawake cha Smith. Berenson aliugeuza mchezo huo. Uwanja uligawanywa sehemu tatu, mchezaji akafungiwa katika sehemu yake, na kumpokonya mwenzake mpira kukakatazwa. Ilidhaniwa kwamba mbio ndefu na msukumano vingeudhuru mwili wa mwanamke na kuiharibu heshima yake. Kanuni za namna hiyo zilidumu, kwa sura mbalimbali, karibu miaka themanini: wachezaji sita kila upande, washambuliaji huku na walinzi kule. Ni mwaka 1971 tu ambapo vyuo viliukubali rasmi mchezo wa watu watano wanaokimbia uwanja mzima.

Timu ya Immaculata ilianza kucheza mwaka 1939. Wakati huo wakuu wa Kanisa Katoliki hawakuwa na kauli moja juu ya michezo ya wasichana. Papa Pius XI alikuwa amelalamika hadharani mwaka 1928 kuhusu mashindano ya mazoezi ya viungo ya wasichana mjini Roma. Hata hivyo, katika parokia na shule za Philadelphia mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Shule za sekondari za wasichana, nyingi zikiongozwa na masista, zilikuwa na ligi yenye ushindani mkali, na binti wa fundi au wa karani alikua akiudunda mpira tangu utoto. Mtafiti Julie Byrne, aliyewahoji wachezaji wengi wa zamani kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 2003, *O God of Players*, ameonyesha kwamba wasichana hao hawakucheza kwa ajili ya kupinga Kanisa, wala kwa kulitii tu. Walicheza kwa sababu walifurahia. Jambo hili laonekana dogo, lakini wanahistoria wa michezo ya wanawake mara nyingi wamelisahau, wakitafuta kila mahali ama uonevu ama ukombozi.

Kwa hiyo wale wanaoueleza ushindi wa 1972 kama muujiza, kama ilivyofanya filamu ya *The Mighty Macs* iliyotolewa katika majumba ya sinema mwaka 2011, wanausimulia vizuri lakini wanaueleza vibaya. Chuo kilikuwa maskini, wachezaji hawakuwa wanagenzi. Kilivuna kilichopandwa na wengine kwa muda mrefu.

Umaskini wenyewe haukuwa hadithi. Jumba la michezo la chuo liliteketea kwa moto mwaka 1967, na timu ikabaki bila uwanja wa nyumbani. Mazoezi yalifanyika katika nyumba ya masista, mahali palipotengwa kwa wanovisi. Mwaka 1970 aliajiriwa kocha mpya, Cathy Rush, mwanamke kijana aliyehitimu katika chuo cha jirani cha West Chester, kwa malipo ya dola 450 kwa mwaka. Mume wake, Ed Rush, alikuwa mwamuzi katika ligi ya wanaume ya kulipwa, na mwanamke huyu hakuona sababu ya kuwafundisha wasichana mchezo mwingine tofauti na ule aliouona huko. Moto mwingine ulimletea mchezaji wake bora. Theresa Shank alikuwa na nia ya kusoma mbali, lakini nyumba ya wazazi wake iliungua, naye akachagua chuo cha karibu ili asiiache familia yake.

Mashindano ya kitaifa ya wanawake yalikuwa yameanzishwa mwaka 1969 na Carol Eckman, kocha wa West Chester, kwa timu zilizoalikwa tu. Mwezi wa Machi 1972, chini ya shirika jipya la michezo ya wanawake wa vyuo, AIAW, yakawa ya kufuzu kwa kanda, na timu 16 zikakutana katika mji wa Normal, Illinois. Immaculata ilifika huko ikiwa imetoka kushindwa na West Chester katika kanda yake kwa pointi 70 dhidi ya 38. Fedha za safari hazikutosha: wanafunzi waliuza miswaki ili kuchanga nauli, na wachezaji wanane tu ndio waliosafiri, wakingojea viti vitakavyobaki wazi katika ndege. Walicheza wamevaa sketi za sufu zenye marinda. Katika fainali walikutana tena na West Chester, chuo alichosoma kocha wao, wakashinda 52 kwa 48.

Walirudia mwaka 1973, wakiifunga Queens College ya New York 59 kwa 52 na kumaliza msimu bila kushindwa hata mara moja. Mwaka 1974 wakaifunga Mississippi College 68 kwa 53. Katika viti vya watazamaji masista waliovaa mavazi yao ya kitawa walikaa safu kwa safu, wakipiga ndoo za bati walizoletewa na baba wa mchezaji mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kelele hizo zilifikia kiasi ambacho wasimamizi wa mashindano walipiga marufuku vyombo vya kelele. Huenda ndiyo kanuni pekee katika mchezo huu iliyotungwa kwa sababu ya watawa.

Tarehe 26 Januari 1975 mchezo wao dhidi ya chuo kikuu cha Maryland ulikuwa wa kwanza wa wanawake wa vyuo kuonyeshwa katika televisheni nchini kote. Immaculata ilishinda 80 kwa 48. Tarehe 22 Februari mwaka huo huo walicheza na Queens College katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, mbele ya watu karibu 12,000, wakashinda 65 kwa 61. Chuo kisicho na jumba la michezo kilikuwa kimecheza katika jumba mashuhuri kuliko yote.

Lakini mwaka huo huo anguko lilikwisha kuanza. Delta State ya Mississippi iliwashinda katika fainali 90 kwa 81, na tena mwaka 1976, 69 kwa 64. Cathy Rush aliondoka mwaka 1977, akiwa ameshinda michezo 149 na kupoteza 15 tu. Hapa hapana budi kuitazama sheria. Tarehe 23 Juni 1972, miezi mitatu baada ya ubingwa wa kwanza wa Immaculata, ilitiwa sahihi sheria ya elimu yenye kifungu kijulikanacho kama Title IX, kilichokataza ubaguzi wa jinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Wanawake waliounda AIAW walikuwa wamekataza basari kwa wachezaji, wakihofia kwamba fedha zingeleta kwao maovu yaliyoonekana katika michezo ya wanaume. Katazo hilo lilipelekwa mahakamani, nalo likaachwa mwaka 1973. Tangu hapo vyuo vikuu vya majimbo, vyenye hazina kubwa, vilianza kuwanunulia masomo wasichana wenye vipaji. Immaculata haikuwa na uwezo huo. Haki iliyowafungulia mlango wanawake wote ndiyo iliyowafungia njia wale waliokuwa wametangulia, na hakuna aliyekusudia hivyo.

Shirika lenyewe halikudumu zaidi. NCAA, lililokuwa limesimamia michezo ya wanaume kwa muda mrefu, liliandaa ubingwa wake wa wanawake mwaka 1982, likiwa na fedha na mikataba ya televisheni ambayo AIAW haikuweza kushindana nayo. Mwaka huo huo ubingwa wa mwisho wa AIAW ulichukuliwa na Rutgers, na kocha wa Rutgers alikuwa Theresa Shank, aliyekwisha kuolewa na kuitwa Grentz. Mwenzake, Marianne Crawford Stanley, alikuwa ameiongoza Old Dominion kutwaa ubingwa wa 1979 na 1980, akaongeza ule wa NCAA mwaka 1985. Grentz aliifundisha pia timu ya taifa iliyopata shaba katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Hivyo Immaculata ilipotoka uwanjani wanafunzi wake walibaki pembeni mwa uwanja wakitoa amri, ingawa kwa ujumla nafasi hizo zilipungua: mwaka 1972 zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake za vyuo zilifundishwa na wanawake, na kufikia mwaka 2014 walikuwa asilimia 43 hivi. Mishahara ilipopanda, wanaume walizipenda kazi hizo.

Mwaka 2005 masista walifungua milango ya chuo, kilichokuwa kimekwisha kupewa hadhi ya chuo kikuu, kwa wanafunzi wa kiume wa kutwa na wa bweni. Timu ya wanawake ikaendelea kucheza katika daraja la tatu, ambalo halitoi basari za michezo. Cathy Rush aliingizwa katika Jumba la Heshima la Naismith mjini Springfield mwaka 2008, na timu zake za 1972 hadi 1974 zikamfuata mwaka 2014, zikiwa za kwanza za wanawake wa vyuo kupokewa humo kama timu.